Kipuri Namba Nne

Nchi ninayoisimulia hamtaiona kwenye ramani. Ramani zake zipo, zilichorwa vizuri na kwa rangi, lakini zimefungiwa kabatini kwa kuwa hazijazinduliwa, na kwetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo. Daraja la mtoni lilikaa miaka miwili limekamilika, nasi tukavuka kwa kulowa huku tukilitazama, mpaka mgeni rasmi alipopata nafasi. Mwaka juzi mvua ilinyesha kabla ya mgeni rasmi kufika. Ikatangazwa redioni kwamba ile haikuwa mvua, na sisi tuliolowa tukaombwa tuwe wavumilivu.

Sisemi kwa kulalamika. Mtu akikulia kwenye utaratibu anauzoea, kama anavyozoea kiti chenye mguu mmoja mfupi.

Utaratibu mwingine ni wa picha. Picha ya Mtukufu Rais ipo kila ofisi, na ukikutana nayo unasimama, unainama, wala huipi mgongo. Ndiyo maana posta tunatoka kinyumenyume. Shoga yangu Bi Chiku alitoka hivyo siku moja akamkanyaga mkuu wa polisi, na mkuu wa polisi hakuweza kumkamata kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bado ameinama. Tena si ruhusa kuinuka kabla ya mkubwa wako. Nawaeleza haya mapema kwa sababu tutayahitaji.

Mji wetu unaitwa Kivumbi. Pembeni yake kuna shamba la sola, paneli mia nne zilizopangwa kwa mistari, zimeinama kidogo, urefu wa kiuno, kama mabati yaliyokosa nyumba. Umeme wake unakwenda kwenye mashine ya kusaga, shuleni, na kwenye zahanati ya Sista Fidea. Vumbi letu ni jekundu na lina mapenzi: likikukalia haliondoki kwa kuambiwa. Kwa hiyo tulikuwepo wanawake saba wa kulifuta. Kila alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa maana maji baridi kwenye kioo cha moto hukipasua, tulipita na ndoo na kanga kuukuu. Kanga mpya haifai, inateleza tu. Unaanza juu, unashuka, na ule ukingo wa chini, ambapo tope hujificha, unaupa kidole kimoja kilichofungwa kitambaa. Tukimaliza, Sista Fidea anatupungia taulo kutoka dirishani, maana yake umeme umejaa. Hakuwa na wajibu wa kutupungia. Ni utu wake tu.

Siku moja akaja Mheshimiwa Tambo Mashauri, Waziri wa Jua, Mwanga na Vitu Vinavyong'aa. Aliposhuka garini vumbi likampenda papo hapo.

"Hawa kina mama wanafanya nini?" akauliza.

"Wanafuta paneli, Mheshimiwa," akajibu mkuu wa wilaya.

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Mheshimiwa. Na kanga."

Waziri akafumba macho kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. "Kanga! Karne hii! Wenzetu wako mwezini, sisi tuko kwenye kanga!"

"Na huko mwezini wanafutia nini, Mheshimiwa?" akauliza Bi Chiku. Yeye mdomo wake haujapata likizo tangu nimjue.

"Roboti," akasema Waziri, na neno likamkaa vizuri mdomoni, akalirudia. "Roboti. Mama, mtapumzika!"

Wiki ile ile tukaletewa barua nzuri yenye mhuri. Ilisema tunastaafishwa kwa heshima zote, kazi ya kufuta paneli imefutwa katika orodha ya kazi za nchi, na ni marufuku sisi kugusa paneli tena, ili tupumzike kikamilifu. Mlinzi wa shamba, Bwana Shomvi, akapewa amri ya kumkamata mpumzikaji yeyote atakayeonekana na ndoo.

Ikaundwa kamati ya kubuni roboti, watu thelathini na mmoja. Walianza kwa kusafiri kwenda kujifunza habari za jua katika nchi moja ambako jua halionekani miezi mitano. Walirudi na makoti mazito na uzoefu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja Kivumbi, naye ni injinia kijana aitwaye Lutengano. Alikuja na daftari, akakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, akasema, "Shikamoo bibi. Nimeambiwa nibuni mashine ya kufuta paneli, na mimi sijawahi kufuta hata moja. Naomba unifundishe."

"Marahaba. Nimekatazwa kugusa."

"Basi niguse mimi, wewe uniseme."

Nikamsema. Alianzia chini, nikamsema. Alimwaga maji ndoo nzima, Bi Chiku akamsema vibaya zaidi: "Wewe, unaosha paneli au unabatiza?" Kufikia saa mbili alikuwa anaupata hata ule ukingo wa chini, na aliandika kila kitu, pamoja na neno la kanga kuukuu. Kabla hajaondoka alituosha zile ndoo zetu, saba zote, akazipanga ukutani. Mama yake alimlea.

Baada ya miezi miwili akaunda mashine ndogo, kimo cha mbuzi. Ilitambaa juu ya paneli na vipande vya kanga miguuni, na kwa maji ya kikombe kimoja ilimaliza paneli nne. Tuliipigia vigelegele. Kamati ikaikataa.

"Haina hadhi," wakasema. "Mgeni rasmi atapigaje picha na mbuzi?"

Wakakaa vikao. Mjumbe mmoja akataka iwe na urefu wa kuonekana kutoka barabarani. Mwingine akataka king'ora. Wa tatu akasema magurudumu hayana staha yakionekana, kwa hiyo ikashonewa marinda ya rangi za bendera, kutoka kiunoni mpaka chini. Na mjumbe wa Idara ya Adabu akasimama akauliza swali zito: mashine hii, ikikutana na picha ya Mtukufu, itafanya nini? Injinia akaagizwa aitie macho, na waya wa kutambua ile sura, ili nayo isimame na kuinama kama raia mwema, na isiinuke mpaka picha iondolewe.

Basi ikaja. Ilikuwa kama kibanda cha harusi chenye magurudumu: inapita juu ya mstari wa paneli, mguu huku na mguu huku, marinda yakiburura pande zote. Jina lake Mashine ya Taifa ya Kung'arisha Jua, Awamu ya Kwanza. Tuliizunguka, tukaisifia marinda. Lakini haikuruhusiwa kufuta hata paneli moja, kwa sababu ilikuwa haijazinduliwa, na Mheshimiwa Waziri alikuwa na nafasi baada ya wiki tatu.

Mpaka hapo mvua ndiyo iliyokuwa ikitufutia paneli; sasa ikakatika. Wiki ya kwanza vumbi lilikaa. Wiki ya pili lilialika ndugu zake. Mashine ya kusaga ikawa inasaga kwa kigugumizi.

Na ndani ya wiki hiyo ya pili, Mwajabu, binti anayeuza maandazi karibu na stendi, akajifungua mtoto wa miezi saba. Msichana. Nilimwona: mguu wake mzima ulikuwa kama kidole gumba changu. Pale zahanati kuna kitanda kimoja cha joto kwa watoto wa namna hiyo, kina taa ndogo. Ikiwa ya kijani, kuna joto. Ikiwa nyekundu, umeme hautoshi. Taa ilikuwa inapepesa rangi zote mbili kama mtu asiyejua aseme ukweli au asiseme. Sista Fidea akamfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Mwajabu alipopandwa na homa, Sista akamfunga kifuani kwake mwenyewe, akawa anaandika kadi za wagonjwa na mtoto ndani ya gauni.

Tukaenda kwa Bwana Shomvi, sote saba, mikono nyuma kuficha ndoo. Ndoo haifichiki, lakini tulijaribu.

Alitutazama, akakohoa. "Jamani, nina tatizo," akasema. "Daktari wa macho ameniambia kila alfajiri nitazame kile kilima, nisigeuke mpaka jua lichomoze vizuri. Nikigeuka nitapofuka. Kwa hiyo nyuma yangu hata likipita gari moshi, sitajua."

"Pole na macho, baba," nikamwambia.

"Asante, Bi Sikudhani. Maji yako kwenye pipa lile la bluu. Naliona kwa kulikumbuka."

Hivyo kwa siku tisa tukafuta tulichoweza kabla jua halijachomoza, mistari miwili, mitatu, na taa ya kitanda ikawa ya kijani, na mtoto akanyonya, na Shomvi akakijua kile kilima kuliko mbuzi wanaokula juu yake.

Kisha wakaja watu wa Idara ya Mapambo kuandaa uzinduzi. Walikuwa wachapakazi sana. Kwa siku moja tu walibandika picha ya Mtukufu Rais juu ya kila paneli, picha mia nne, kubwa, zinazometa, pembe kwa pembe. Kamati ya mashine haikuambiwa. Idara ya Mapambo nayo haikuwa na habari za waya wa adabu. Kila mmoja alitimiza wajibu wake.

Taa ya kitanda ikawa nyekundu moja kwa moja.

Hapo hata Shomvi hakuweza kutusaidia. Kufuta vumbi ni kosa dogo. Kubandua uso wa Mtukufu ni kosa ambalo adhabu yake haijaandikwa, kwa kuwa mtu aliyepewa kazi ya kuiandika aliogopa.

Asubuhi ya uzinduzi Sista Fidea alikuja mpaka kwenye uzio, ameshika kifua chake kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa mle.

"Bibi," akaniambia, "nina mama wawili wanaotaka kujifungua sasa hivi, na homa ya Mwajabu haijashuka. Siwezi kuendelea kumbeba. Nataka kitanda kabla ya adhuhuri. Miguu yake imeanza kupoa."

Nikaingiza mkono, nikaishika. Kweli ilikuwa inapoa.

Saa nne Waziri akafika. Alihutubia muda mrefu. Alisema jua la nchi nyingine linachomoza lenyewe, ovyo, bila mpango, lakini letu linachomoza kwa mujibu wa sera. Alisema kuanzia leo vumbi litaisoma namba. Tukapiga makofi. Kisha akakata utepe, king'ora kikalia, na Mashine ya Taifa ikaenda hatua tatu mpaka juu ya mstari wa kwanza.

Ikaiona picha. Ikasimama. Ikainama. Ikatulia.

Sasa, mashine ya taifa ikiinama mbele ya Mtukufu, nani atabaki amesimama? Waziri akainama. Mkuu wa wilaya, kamati nzima, bendi, walimu na wanafunzi, wote wakainama. Mashine isingeinuka mpaka picha iondolewe. Waziri hakuthubutu kuinuka kabla ya mashine. Na sisi wengine hatukuweza kuinuka kabla ya Waziri. Uwanja mzima ukabaki unatazama viatu. Nilisikia kofia ya mpiga tarumbeta ikidondoka, na hakuna aliyeiokota.

Injinia Lutengano alikuwa ameinama karibu yangu. Jasho lilikuwa linamtoka puani tone kwa tone.

"Bibi," akanong'ona, "haitainuka. Ina picha mia nne za kuinamia."

"Mtoto ana mpaka adhuhuri," nikamnong'oneza.

"Najua. Nilimwona Sista." Akafikiri huku akitazama viatu vyake. "Ndani ya yale marinda kuna nafasi."

"Nafasi ya watu wangapi?"

"Saba, mkibanana."

Bi Chiku, ambaye alikuwa ameinama kwa taabu upande wangu wa pili, akasema, "Mimi mgongo umeshafika hapa, heri niende kwa kutambaa." Akawa wa kwanza. Tukamfuata mmoja mmoja, vichwa chini, kwa adabu kabisa, mpaka chini ya marinda. Mimi nilikuwa wa nne. Hakuna aliyetuona, maana wote walikuwa wanaheshimu. Shomvi peke yake aliinua jicho moja, akasukuma ndoo mbili kwa mguu mpaka zikaingia, kisha akarudi kutazama kilima.

Injinia akapenyeza mkono juu, akachomoa waya mmoja. Baadaye nilimuuliza ulikuwa wa nini. Akasema ulikuwa wa adabu.

Mashine ikainuka. Waziri akainuka, na uwanja mzima ukanyoosha migongo kwa mlio kama kuni zinavyovunjika. Lakini bila ule waya haikwenda yenyewe, basi sisi tukasukuma. Kanga tulifungua zetu wenyewe za kichwani. Wawili wanabandua, wawili wanamwaga, wawili wanafuta, na Bi Chiku mbele anasukuma na kuongoza: "Juu! Shuka! Ukingo! Twende!" Picha ya Mtukufu inaingia mbele, paneli inatokea nyuma inang'aa kama sahani ya sikukuu.

"Mbona inasema?" tukamsikia Waziri akiuliza.

"Ni injini, Mheshimiwa," akajibu Injinia.

"Injini yenye sauti ya mwanamke?"

"Ni ya kisasa, Mheshimiwa."

Kisha swali tuliloliogopa: "Na zile picha za Mtukufu ziko wapi?"

Mle ndani tukabana viwiko. Picha tulikuwa tumezikunja na kuzibana kwapani, tumboni, kila mahali. Bi Chiku alikuwa na kumi na mbili kifuani, na alikuwa amependeza.

"Mheshimiwa," akasema Injinia, "mashine imeziweka moyoni."

Tukamsikia Waziri akipenga kamasi. "Moyoni," akasema. "Hata sisi wa wizarani hatujafika huko." Makofi yakalipuka, na chini ya makofi hayo tukasukuma kwa nguvu zote, mstari wa pili, wa tatu, wa tano. Magoti yangu yalinitukana. Niliyajibu kwamba kuna miguu mingine midogo zaidi inayosubiri.

Tulipofika mstari wa sita nilichungulia kwenye tundu la marinda. Dirisha la zahanati lilifunguka. Taulo likatoka, likapunga. Mara moja, mara mbili, halafu likapunga kama limepagawa.

"Kijani!" nikapiga kelele.

"Mashine imesema nini?" akauliza Waziri.

"Imesema kijani, Mheshimiwa. Ni rangi ya bendera," akasema Injinia.

Mashine ikapewa nishani hapo hapo. Waziri aliikaribia, akachagua mahali pazuri kwenye marinda, akachomeka pini. Mahali pale, kwa bahati, palikuwa bega langu. Nilisema "Yallah!" na Injinia akaeleza kwamba hicho ni king'ora cha furaha.

Basi kazi ikaendelea. Wizara ilitaka mashine ifute kila siku, na mashine bila sisi haifuti. Lakini sisi tusingeweza kuajiriwa, kwa kuwa kazi yetu ilishafutwa katika orodha ya nchi. Aliyetuokoa ni mtunza stoo, Bwana Pazi, mtu mpole asiyeinua sauti. Alifungua kitabu chake cha vipuri, kilichokuwa kitupu, akatuita mmoja mmoja. Mpaka leo nipo humo. Imeandikwa: "Kipuri namba nne. Aina: bibi. Hali: kimetumika, bado kizima. Kitunzwe mahali pakavu. Kipewe chai." Hilo la chai hakuagizwa na mtu. Aliliongeza mwenyewe.

Kila Ijumaa anakuja mkaguzi kuvihesabu vipuri. Siku moja Bi Chiku aliumwa, mkaguzi akaandika kwamba kipuri namba moja kina kutu kifuani, kipelekewe tangawizi. Tangawizi ikaja.

Mtoto alipotimiza siku arobaini, wizara ikaandaa sherehe. Ilikuwa imeamuliwa huko juu kwamba mtoto aliyeokolewa na roboti aitwe Roboti. Waziri akaja na wapiga picha. Mwajabu akaja amevaa gauni la kuazima, homa imekwisha, mtoto mikononi amejaa mashavu. Sisi tulikuwa mahali petu, ndani, kimya, kama vipuri vinavyopaswa kuwa.

"Mama," akasema Waziri, "mwonyeshe Roboti mashine iliyompa jina."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Akaja mpaka kwenye marinda. Akapiga magoti upande wangu, akafunua pindo kidogo tu, akauingiza ule mguu. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa mnene. Nikaushika wote kiganjani.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo ambayo kamera haziwezi kuinasa, "anaitwa Sikudhani. Karani amekwisha kuandika kwenye cheti. Amesema wakimuuliza, atawaambia amri ya Roboti bado haijazinduliwa."

Basi mashine ikaanza kuvuja. Mimi nilijizuia, lakini umri huu vitu havizuiliki. Nilipoanza mimi akaanza Bi Chiku, na alipoanza Bi Chiku wakaanza wote, mpaka marinda ya bendera yakalowa kwa mbele, na Waziri akarudi nyuma hatua mbili.

"Injinia! Hii ni nini?"

"Ni maji, Mheshimiwa."

"Maji gani?"

Lutengano akainama, akagusa pindo kwa kidole, akaonja. "Ya chumvi, Mheshimiwa," akasema.

Ikaundwa kamati ya kuchunguza uvujaji, watu kumi na tisa. Walikaa siku nne. Ripoti yao ni ndefu na sijaisoma yote, lakini ukurasa wa mwisho umebandikwa stoo, pale tunapopanga ndoo zetu. Unasema hitilafu haina tiba inayojulikana, hutokea mashine inapofanya kazi vizuri, na kwa hiyo kila kipuri kipewe leso moja.

Yangu ni ya bluu.